Mwalimu Obadia Atatoa Povu Jumamosi

Wananchi wa Nachingwea na Ruangwa, kuanzia Kiegei hadi Mandawa, pamoja na ninyi mlioko mashambani mnakung'uta ufuta, mnatangaziwa rasmi kwamba miongoni mwenu anaishi mtu anayelijua jibu la swali lililowahangaisha wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Swali lenyewe ni hili: ukipewa ukingo, uwe wa waya au wa kamba, umepinda unavyotaka kupinda, ni utando gani mdogo kuliko wote unaoweza kuuziba? Wataalamu walijaza makabati kwa maandishi. Mmoja wao, Mbelgiji, alipofuka macho na bado akaendelea kuchovya waya kwenye maji ya sabuni, huku watu wakimsimulia kilichotokea. Mtu wetu hajapofuka. Anaitwa Mwalimu Obadia, anafundisha hisabati katika sekondari moja pembezoni mwa mji wa Nachingwea, na maji yake ya sabuni yamo kwenye beseni la bluu lenye ufa mdomoni. Tafadhali simameni kwa heshima. Kama umekalia gunia na hakuna wa kukulindia, baki hapohapo.

Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa pili wakiwa na mbegu, misalaba na yeye tumboni. Alizaliwa kimya. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, la pili, na la tatu ndipo akatoa sauti kidogo, kama mtu anayeitikia asichokubaliana nacho. Tangu hapo hajaongeza. Alipoibiwa baiskeli mchana kweupe alikwenda polisi akaeleza kwamba wezi walikuwa wawili, na mmoja aliaga. Alipopandishwa daraja alisema sawa. Siku ya harusi, padri alipomuuliza kama anamkubali Albina, aliitikia chinichini hadi padri akauliza tena, naye akajibu, "Nimeshasema."

Albina ni nesi. Ni mwanamke anayeongea na wagonjwa, na dawa, na kuku wanaopita nje ya dirisha. Watu walisema hawa wawili wamepangwa vizuri, mmoja anatoa maneno na mwingine anayaweka. Walipata mtoto mmoja, Catherine, ambaye sasa yuko Dodoma na anapiga simu sikukuu. Kisha mwaka juzi Albina akahamishiwa zahanati moja upande wa Mandawa, wilaya jirani ya Ruangwa, vumbi lilelile.

Hawakugombana, na ningewaomba mlielewe hilo mapema maana mjini watu walitafuta ugomvi mpaka wakachoka. Mwanzoni Obadia alikwenda Mandawa kila mwisho wa wiki. Halafu kukawa na mitihani ya kusahihisha. Halafu mvua ikaharibu barabara. Halafu barabara ikapona, lakini yeye akawa ameshazoea Jumamosi za kukaa. Jioni walipigiana simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

"Haya."

"Haya."

Vifurushi vyao vya dakika vilikuwa vinaisha muda vikiwa vimejaa. Kampuni ya simu ingewajua wateja hawa, ingewatumia kadi ya Krismasi.

Sabuni iliingia kwa njia ya nguo chafu. Albina alipoondoka, Obadia alianza kujifulia mashati yake, na Jumapili moja mkono wa waya wa ndoo ukachomoka upande mmoja, ukazama kwenye maji ya sabuni, akauinua ukiwa umepinda kama kitanzi. Ndani ya kitanzi kulikuwa na utando. Ulikuwa mwembamba kuliko kitu chochote alichokuwa nacho ndani ya nyumba, una rangi zinazoteremka polepole, na ulijinyoosha wenyewe kutoka ukingo hadi ukingo bila kukunjika popote. Alipoupinda ule waya, utando nao ukapinda, lakini kwa ubahili, ukichukua eneo dogo kabisa linalowezekana. Aliutazama hadi ukapasuka. Hakufurahi. Aliona tu kwamba dakika kadhaa zimepita na hazikumuuma popote, basi akachovya tena.

Baada ya hapo alinunua waya wa kufungia nondo. Alitengeneza pete, akatengeneza boksi, akatengeneza kitu chenye umbo la tandiko la baiskeli. Aligundua kwamba ukitia glisarini, ile ya kupaka mwilini, utando unakaa muda mrefu zaidi. Chupa ya glisarini ilikuwa mezani chumbani. Akaitia.

Sasa, katika Ruangwa hiyohiyo kulikuwa na mwalimu wa hisabati anayeitwa Kaimu. Kaimu ni jina, si cheo, ingawa limemnufaisha sana, maana kila ofisi anayoingia na kusema "Mimi ni Mwalimu Kaimu" anavutiwa kiti. Mama yake mzazi alikuwa mzee na mgonjwa, anakaa peke yake Kiegei, na Kaimu alitaka kurudi Nachingwea. Kwa watumishi wa umma dawa ya jambo hili inajulikana: unatafuta mwenzako wa huko unakotaka kwenda, naye awe anataka kuja huku ulipo, mnabadilishana. Watu hutafuta mtu wa kubadilishana naye kwa miaka. Wengine huweka matangazo, wengine hufunga na kuomba. Obadia hakutafuta. Kaimu ndiye aliyempata, na akadhani kazi imekwisha.

"Mwalimu mwenzangu, umefikiria?"

"Naendelea kufikiria."

"Unafikiria nini, kaka? Mkeo yuko huku, mama yangu yuko huko. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza."

"Ni kweli."

"Kweli ndiyo, au kweli hapana?"

"Kweli tu."

Kaimu alivumilia ufuta ukiwa mchanga na akavumilia ukiwa unavunwa. Kisha wiki moja ya mavuno alipiga simu akiwa amebadilika sauti.

"Kaka Obadia, nisikilize. Mwalimu Zena wa shule ya huko Kiegei ameniomba. Mumewe yuko Ruangwa mjini. Yeye nimemuuliza mara moja, na kabla sijamaliza swali alikuwa anakunja vitanda. Mimi nimekuweka wewe mbele kwa heshima ya shemeji Albina. Lakini Jumatatu majina yanakwenda. Jumamosi jioni nakupigia. Ukisema ndiyo, ni wewe. Ukininyamazia, ni Zena, na nafasi nyingine kama hii sijui utaiota wapi."

"Nimekuelewa," alisema Obadia. Akakata simu, akaenda kupinda waya.

Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mkuu wa shule, Madam Mwanawetu, mwanamke anayeamini kwamba mzazi asiyeonyeshwa kitu anaanza kuuliza maswali, aliwaomba walimu wa sayansi na hisabati waandae onyesho dogo baada ya taarifa ya chakula cha wanafunzi. Mwalimu wa baiolojia alileta udhuru. Mwalimu wa fizikia alimleta mwalimu wa baiolojia kama shahidi wa udhuru wake. Akabaki Obadia.

"Utafanya nini, Mwalimu? Niandikie sentensi moja niitume kwa wazazi."

Obadia aliandika. Madam Mwanawetu, ambaye Kiswahili chake kilikomaa kabla ya simu za kuperuza, akaituma kwenye kundi la wazazi kama ilivyo: "Baada ya taarifa ya chakula, Mwl. Obadia atatoa povu mbele ya wazazi kwa muda wa nusu saa. Wote mnakaribishwa."

Hapa lazima niwakumbushe wazee wawili watatu waliobaki nyuma. Kwa vijana, na kwa kila mwenye redio, povu si la sabuni tena. Povu ni lile linalomtoka mtu mdomoni akiwa amejaa hasira. Kutoa povu ni kufoka, kumwaga yote yaliyoko moyoni bila kujali nani kakaa wapi. Obadia na mkuu wake peke yao, kati ya watu wote wenye simu kusini mwa Mto Rufiji, ndio waliokuwa hawajui.

Kijiweni kwa bodaboda habari ilipokelewa kwa heshima kubwa.

"Obadia yupi huyo?" aliuliza mmoja.

"Huyo huyo. Yule anayesalimia kwa nyusi," alisema Masoudi, dereva wa bodaboda mwenye watoto wawili pale shuleni. "Anatoa povu. Nusu saa. Wameiweka kwenye ratiba kabisa, mwanangu."

"Atamtolea nani?"

"Michango ya chakula hiyo. Anajua ilipo."

"Wapi. Mke huyo. Mwanaume anajifulia mwaka wa pili, unadhani hana la kusema?"

"Mimi siendi shambani Jumamosi," alisema Masoudi. "Ufuta hauna miguu."

Habari ilipanda pikipiki, ikavuka mpaka wa wilaya, ikafika Mandawa Alhamisi mchana, wakati Albina anafunga kidonda cha mzee aliyejikata na jembe. Mfanyakazi mwenzake aliingia na simu mkononi, akicheka.

"Sista Albina, mzee wako anatoa povu Jumamosi."

"Mzee wangu nani?"

"Mwalimu Obadia. Soma hapa. Mbele ya wazazi."

Albina alisoma. Akamaliza kufunga kidonda, akafunga tena juu yake kwa bandeji ya pili isiyohitajika, mpaka yule mzee akauliza kama mguu unabaki au unakwenda. Akanawa. Akaenda kuomba ruhusa ya siku moja.

Nia yake haikuwa kumzuia. Miaka yote hiyo alikuwa amesubiri mtu huyu akasirike. Alipohamishwa alimsubiri aseme usiende. Aliposema na Kaimu kwenye simu, akasikia nafasi ipo na mumewe bado "anafikiria", alisubiri tena. Sasa wanasema ana povu, na kama analo, basi kuna moto mahali fulani chini yake. Albina alikuwa tayari kutukanwa mbele ya wazazi wote wa Nachingwea. Alivaa gauni la kanisani kwa ajili hiyo.

Jumamosi darasa lilifurika. Waliokosa viti walikaa madirishani, na mwanamke mmoja alikuja na karanga. Madam Mwanawetu alisoma taarifa ya chakula na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule hakuna aliyeipinga, maana watu walitaka iishe. Kisha Obadia akaingia na beseni la bluu.

"Kaja nalo kabisa," alisema Masoudi.

Obadia aliweka beseni mezani. Akatoa waya mfukoni.

"Nitatoa povu," alisema, kwa sauti ileile ambayo padri hakuisikia.

Watu wakainuka vitini. Yeye akakoroga maji, akachota povu lililokuwa juu kwa kiganja, akalitupa nje kwa dirisha.

"Povu lenyewe halina kazi. Ninachotaka ni utando. Ukiwa na povu juu, utando hautoki vizuri."

Watu walioacha mashamba walitazamana. Mwenye karanga akaacha kutafuna.

"Mwalimu," alisema Masoudi, "hilo ndilo povu?"

"Ndilo."

"La Omo?"

"La sabuni ya kipande. Ya unga inakatika haraka."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kucheka vizuri. Obadia alisubiri. Hakuonekana kuumia wala kufurahi. Alisubiri kama mtu anayepisha ng'ombe barabarani. Kisha akachovya lile boksi la waya na kuwauliza utando utakaa wapi.

"Juu ya kila upande," alisema Masoudi. "Kama ukuta. Boksi si boksi?"

Obadia akalitoa. Tando zote zilikuwa zimekimbilia ndani, zikakutana katikati kwenye kimraba kidogo kilichoning'inia hewani, na nje boksi lilikuwa tupu. Masoudi akasogea na kuliangalia kwa chini.

"Sasa kuta ziko wapi?"

"Sabuni haijui kuta. Inashika ukingo tu, halafu inajipunguza kadiri inavyoweza."

"Kama mjomba wangu," ilisema sauti ya dirishani.

Obadia akachukua pete mbili za ukubwa mmoja. Akazishikanisha, akazizamisha, akazitoa, na akaanza kuzitenganisha polepole. Katikati ya pete kukatokea utando mmoja ulioziunganisha, mpana kwenye pete zote mbili, mwembamba katikati kama kiuno. Rangi zikawa zinazunguka. Hata waliokuja kwa ajili ya matusi walinyoosha shingo.

Hapo ndipo Albina aliposimama. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na gauni lake lilikuwa na vumbi la barabara mpaka magotini. Waliomtambua wakawagusa wasiomtambua.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

Obadia alimwona. Mikono yake haikutikisika, na hilo wengi walilisimulia baadaye kama jambo baya.

"Uliza, Mama Catherine."

"Unaweza kuziachanisha mpaka wapi?"

"Mpaka kama theluthi mbili ya upana wa pete. Ukipita hapo, hakuna kiuno kinachowezekana."

"Na kabla ya hapo utando uko salama?"

Angeweza kusema ndiyo na kila mtu angekwenda nyumbani. Lakini Obadia ni mwalimu wa hisabati, na hao ukiwauliza wanajibu swali.

"Hapana. Ukipita nusu ya upana kwa kidogo tu, huu si utando mdogo kuliko wote tena. Kila pete ikijiziba yenyewe, peke yake, ukijumlisha eneo la zote mbili linakuwa dogo zaidi."

"Sasa mbona haukatiki hapohapo?"

"Hauna habari. Umeshakuwa hapo, unaendelea kuwa hapo. Mpaka ulazimishwe."

Hakuna aliyecheka. Wazazi wa Nachingwea hawakuwa wameelewa chochote kuhusu maeneo, lakini waliielewa sentensi hiyo moja kwa moja, na baadhi ya wanaume walitazama sakafu.

"Hapo mikono yako iko wapi sasa hivi?" aliuliza Albina.

Obadia alitazama pete, akazipima kwa jicho.

"Imepita nusu."

"Endelea basi."

Akaendelea. Kiuno kikawa chembamba, kikawa chembamba zaidi, na halafu hakikuwepo. Hakikutoa sauti. Kila pete ilibaki na utando wake, bapa, umetulia, na katikati ya hewa kulikuwa na kiputo kidogo kuliko punje ya ufuta kilichoelea kidogo kikashuka. Mtu mmoja akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Madam Mwanawetu akasimama, akashukuru sana, akasema hisabati ndiyo msingi wa maendeleo, na akafunga mkutano.

Watu walipokwisha kutawanyika, Obadia alibeba beseni mpaka bombani nyuma ya madarasa. Albina alimfuata. Aliokota chupa tupu iliyokuwa inaelea kwenye beseni, akaigeuza.

"Hii si glisarini yangu?"

"Uliisahau mezani."

"Sikuisahau. Niliiacha ili uniletee."

Obadia aliosha pete ya kwanza.

"Hukusema."

"Sikusema." Alikaa kwenye ngazi ya saruji. "Unajua kwa nini nimekuja leo? Waliniambia utatoa povu. Nilidhani una hasira."

"Na nini?"

"Na chochote. Na mimi. Watu wakisema mtu katoa povu, maana yake kafoka, kasema yote. Ulikuwa hujui?"

"Mimi nilisema povu kwa maana ya povu."

Simu ya Obadia, aliyokuwa ameiacha kwenye ngazi, ikaita karibu na goti la Albina. Jina la Kaimu likawaka. Obadia alionyesha mikono yenye sabuni. Albina akapokea, akaweka sauti ya nje, akaishikilia kati yao.

"Kaka, jioni ndiyo hii," alisema Kaimu. "Sitaki maelezo. Ndiyo au hapana?"

Obadia alifungua mdomo. Albina aliona kabisa mdomo umefunguka, na akausubiri. Kaimu akaita "halo" mara kadhaa. Mdomo ukafungwa, na Obadia akaanza kuosha pete ya pili, ambayo ilikuwa safi.

"Mwalimu Kaimu," alisema Albina, "ni mimi mkewe."

"Shemeji! Afadhali wewe. Nimwandike?"

"Mwandike Zena."

Kaimu akashusha sauti.

"Shemeji, majina yakishakwenda hayarudi. Umezungumza naye?"

"Yuko hapa, anasikia. Mwandike Zena. Mama yako mpe pole, mwambie mwanawe anakuja."

Akakata. Akaiweka simu juu ya ngazi, kioo chini. Kutoka uwanjani zilisikika pikipiki zikiwasha moja moja, zikiwapeleka wazazi mashambani kuwahi mwanga uliobaki. Albina alimtazama mumewe kwa muda, uso wote, kama anavyowatazama wagonjwa wanaosema hawaumwi.

"Baba Catherine. Nimekufungia njia ya kuja kwangu, mbele yako, kwa simu yako. Huna neno?"

Obadia alikung'uta maji kwenye pete, akafikiria.

"Gari la Ruangwa huondoka likijaa," alisema. "Ukichelewa utakaa siti ya nyuma."